Asilimia 40 Inanihusu? Jibu kwa Mwalimu Mstaafu wa Rau, Moshi

SWALI

Mwanangu mtaalamu, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Rau hapa Moshi. Nilianza kazi 1985, nikastaafu kwa lazima 2021. Siku hizi kazi yangu imekuwa kusikiliza habari. Naamka na redio, magazeti yakisomwa nipo, mchana nipo kwenye simu na magrupu ya wastaafu, saa mbili usiku taarifa ya habari, kisha BBC na DW mpaka usingizi unakataa. Mke wangu anasema simu imekuwa mke mwenza. Kinachoniweka roho juu zaidi ni habari za mafao. Kila wiki linakuja jipya: kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao, kimepanda hadi asilimia 40, wastaafu wote tunahesabiwa upya, bima inafutwa. Juzi kanipigia kijana, kanitaja majina yangu matatu, ananiambia jalada langu la nyongeza limekwama, nitume shilingi 85,000 za kulisogeza. Sijatuma, lakini sijalala. Naomba kujua mawili: hiyo asilimia 40 inanihusu au hainihusu? Na mtu wa umri wangu afuateje habari bila kuvurugwa akili, maana kuziacha kabisa siwezi?

JIBU

Shikamoo Mwalimu.

Nitaanza na la pesa, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi na pensheni yake hasikii ushauri mwingine wowote. Kazi yangu ni kuendesha semina za wanaojiandaa kustaafu, Arusha na Moshi, na kuwasikiliza waliokwisha kustaafu. Swali hili la asilimia 40 nimeulizwa hata na watu waliostaafu enzi za Mzee Mkapa.

Halikuhusu. Na halikuhusu kwa sababu wewe ulishapata zaidi ya hiyo.

Kwenye magrupu kisa hiki husimuliwa kuanzia katikati, ndiyo maana kinatisha. Mwaka 2018 ilitungwa sheria iliyounganisha mifuko minne ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikazaliwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Mwaka huohuo zikaja kanuni mpya za mafao, mkupuo, yaani sehemu ya mafao unayolipwa mara moja ukistaafu, ukashushwa hadi asilimia 25. Unakumbuka kelele zilizopigwa. Desemba 28, 2018 Rais Magufuli akasitisha kanuni zile na kuagiza kila mstaafu alipwe kwa kikokotoo cha mfuko wake wa zamani mpaka 2023. Wewe uliyestaafu 2021 ulipita katika dirisha hilo. Walimu wa umri wako mlikuwa PSPF, na kikokotoo cha PSPF kilitoa asilimia 50 kwa mkupuo. Julai 2022 kikaja kikokotoo kimoja kwa wote: asilimia 33 mkupuo, 67 pensheni ya kila mwezi. Halafu katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024 Serikali ikatangaza kupandisha 33 hadi 40 kwa kundi ambalo zamani lingepata 50, na hadi 35 kwa kundi ambalo zamani lingepata 25.

Kwa hiyo hiyo 40 ni hatua ya kurudi nyuma kuelekea kule ulikokwisha kupita wewe. Anayekuambia utahesabiwa upya kwa asilimia 40 anakuambia, bila mwenyewe kujua, kwamba urudishe kumi.

Sasa tuifanye hesabu yenyewe, maana mwalimu hapewi jibu bila njia. Chukua mtumishi wa mfano mwenye mshahara wa mwisho wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi na utumishi wa miezi 400. Kwa kanuni yenu ya zamani unachukua mshahara wa mwaka, milioni 12, unazidisha kwa 400, unagawa kwa 540. Inatoka pensheni kamili ya mwaka, kama shilingi 8,888,900. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5, ndiyo kiinua mgongo: karibu milioni 68.9. Nusu ya pili inagawanywa kwa miezi 12, ndiyo ya kila mwezi: kama 370,400.

Mtu huyohuyo mpeleke kwenye kanuni ya Julai 2022. Kigawanyo kinakuwa 580, kwa hiyo pensheni kamili ya mwaka inashuka hadi kama 8,275,900. Asilimia 33 yake inazidishwa kwa 12.5 na si 15.5 tena, anaondoka na milioni 34.1. Kila mwezi anapata kama 462,000. Mpandishe hadi asilimia 40, mengine yote ukiyaacha yalivyo: mkupuo milioni 41.4, kila mwezi kama 413,800.

Linganisha wewe, tuseme ndiye huyo wa kanuni ya zamani, na yule wa asilimia 33. Yeye kila mwezi anakuzidi kama shilingi 91,700. Wewe kwenye mkupuo umemzidi kama milioni 34.75. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: miezi 379, zaidi ya miaka 31. Aliyestaafu na miaka 60 angepaswa kufika 91 ndipo nyongeza yake ya kila mwezi ifidie alichopunguziwa mkupuo. Nimeacha makusudi riba na mfumuko wa bei. Wanaosema watumishi walilalamika kwa kutojua hesabu wanawaonea.

Upande wa pili nao upo, na nausema kila semina hata nikizomewa. Mkupuo huisha. Nimeliona Fuso lililonunuliwa kwa kiinua mgongo likiwa juu ya mawe kabla ya mwaka kugeuka, na mabanda ya kuku yaliyogeuzwa stoo ya kuni. Pensheni ya mwezi haiombwi na shemeji kwa mkupuo. Na mifuko yenyewe ilikuwa hoi kwa sababu inayokugusa moja kwa moja: mpaka Juni 1999 ninyi watumishi wa Serikali hamkuwa mnachangia popote, pensheni ilikuwa mzigo wa Hazina. PSPF ilipoanza Julai 1999 ikabeba na ile miaka yenu ya nyuma, Serikali ikawa imeahidi kuilipia, na deni likakaa. Ni Desemba 2021 ndipo Serikali ilipolipa kwa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Miaka yako 14 ya mwanzo, 1985 hadi 1999, imo katika deni hilo. Ukisikia tena kwenye redio maneno "madeni ya kabla ya 1999", jua wanakutaja wewe.

Sasa huyu kijana wa 85,000. Nyongeza ya pensheni, iwe ndogo iwe kubwa, ikitolewa huingia kwenye akaunti ileile ya benki inayopokea pensheni yako. Haina jalada la kusogezwa, haina wakala, haina ada. Uhakiki wa wastaafu upo kweli na usiudharau, kwa sababu asiyehakikiwa pensheni yake husimamishwa. Lakini ni bure, na unafanywa kwa njia za mfuko wenyewe. Ukiwa na shaka panda daladala mpaka mjini, ingia ofisi ya PSSSF na kitambulisho chako, uliza dirishani.

Kujua majina yako matatu ndiko kulikokunyima usingizi, nadhani. Ulijiuliza, kama si mtu wa ofisini, amenijuaje? Jaribu mwenyewe: chukua namba yoyote ya simu uliyonayo, anza kuitumia pesa, kabla pesa haijatoka simu itakuonyesha jina la mwenye namba. Unasitisha, jina umeshalipata bure. Kwamba wewe ni mstaafu amelipata kwenye grupu lenye jina la wastaafu ambalo kila mwanachama anaweza kuona namba za wenzake. Hakuna jalada lolote alilofungua. Ripoti namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, isiyo na malipo. Na ukiwa hapohapo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA. Wazee wengi wanakuta laini wasizozijua.

Hilo tumelimaliza. La pili ni gumu zaidi.

Umeniandikia ratiba yako ya siku nzima na nimeisoma mara mbili. Inaanza alfajiri, inaisha usiku wa manane, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja isipokuwa mkeo anayelalamika. Redio inasema, simu inaleta, televisheni inasema, wewe unapokea. Sasa kumbuka siku yako ya mwaka 2005, tuseme. Habari zilikuwepo, tena gazeti moja la Mwananchi au Nipashe lilizunguka ofisi ya walimu mpaka likachakaa. Saa nne chai inamiminwa, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anabisha, mwalimu wa hesabu anasema takwimu hizo haziingii akilini, mwalimu wa uraia anasema Katiba haisemi hivyo, mwalimu mkuu anachungulia mlangoni anauliza kuna nini, kengele inalia, mnakwenda darasani. Habari ilikuwa imepita mikononi mwa watu kumi kabla haijakuingia. Na walikuwa watu wanaokujua kwa miaka, wenye ujasiri wa kukuambia, "Mwalimu, hapo umepotoka."

Ninavyoona mimi, hicho ndicho kilichokutoka 2021 pamoja na mshahara. Habari unazo nyingi kuliko wakati wowote wa maisha yako. Ofisi ya walimu huna. Grupu la WhatsApp linajifanya ndiyo ofisi yenyewe, lakini mle anayebisha anaitwa mchochezi, anayenyamaza anahesabiwa amekubali, na hakuna kengele.

Kwa hiyo ushauri wangu hauanzi na kupunguza habari. Unaanza na kutafuta watu wa kubishana nao ana kwa ana, angalau mara mbili kwa wiki, mahali pa kudumu, saa ya kudumu. Moshi hakuna uhaba wa wastaafu. Kuna walimu, kuna waliokuwa reli, kuna wa chama cha ushirika cha kahawa, KNCU, kuna manesi wa hospitali ya KCMC wanaojua mambo ya hospitali kuliko mtangazaji yeyote. Vijiwe vya kahawa Majengo bado vipo, kashata ipo, bao lipo. Usipopenda kijiwe kwa kelele zake, asubuhi tembea na mwenzako mmoja mpaka msitu wa Rau na kurudi. Watu wa nje wanalipa kuuona msitu huo na mvule wake, ninyi mnaoishi jirani nao mnausikia redioni. Katika matembezi hayo zungumzeni siasa zote mnazotaka. Hasira inayozungumzwa na miguu ikitembea haifiki mbali.

Mawazo yako juu ya yanayotokea nchini nayo yana mahali pa kwenda. Mtaani kwako kuna mkutano wa mtaa unaosomewa mapato na matumizi, na kuna baraza la wazee. Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo ambako watu wanne wanajua kusoma jedwali la fedha na wote wanne wamekaa nyuma kimya, halafu jioni wanaandika aya ndefu kwenye simu kuhusu ufisadi wa taifa. Mtu aliyesimamia ruzuku ya shule na daftari la stoo ana jicho ambalo mtendaji analiogopa. Magazeti nayo bado yanapokea barua za wasomaji, na barua ya mwalimu aliyeandika vizuri haitupwi hovyo.

Sasa ndiyo tuje kwenye kupanga. Habari za redio na simu zina tabia moja ambayo nataka uichunguze mwenyewe: zile zinazopigiwa kelele sana, mara nyingi huna la kuzifanya, na zile zenye la kufanya, husomwa mara moja kwa sauti ya usingizi, katikati ya tangazo la sabuni na matokeo ya Simba na Yanga. Nauli, dawa, kodi, bima, uhakiki. Na nyingi katika hizi zina tarehe zake, hazikuvizii. Bei mpya za mafuta EWURA, mamlaka ya nishati na maji, huzitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bajeti husomwa Juni na mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo kodi na tozo mpya nazo huanza hapo. Kanuni za mafao zikibadilishwa hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hazianzii kwenye sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejitaja. Mtu aliyeishi kwa ratiba ya vipindi miaka 36 anaweza kuziweka kwenye karatasi moja ukutani, akazisubiri kwa siku zake, na siku nyingine zote akasikiliza vita na chaguzi za mbali kama burudani ya akili tu.

Bima, kwa mfano. Unasema umesikia inafutwa. Mtumishi aliyestaafu akiwa mwanachama mchangiaji wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa kitu kwenye pensheni. Watoto na wazazi uliokuwa umewaandikisha ndio wanaotoka, na pengine hapo ndipo uvumi ulipoanzia: mtoto wa mtu kakataliwa dirishani, baba akarudi nyumbani akisema bima imefutwa. Kilichotokea 2023 ni Bunge kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo ni kuongeza watu. Lakini Machi 2024, kitita kipya cha NHIF kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kupokea wenye kadi za mfuko. Habari ile ilikuwa ya kweli na ya haraka: aliyeisikia alikwenda hospitali ya Serikali au ya mashirika ya dini, ambaye hakuisikia alirudishwa getini akiwa na presha. Hapo unaona ni habari ya namna gani inastahili sikio lako la asubuhi.

Kuhusu magrupu nakupa kazi ya nyumbani. Tafuta daftari la mistari, kila kurasa mbili uzigawe: kushoto andika tarehe na taarifa iliyoletwa kwenye grupu, kwa maneno yake, pamoja na jina la aliyeleta. Kulia acha wazi. Baada ya mwezi rudi usahihishe kwa kalamu nyekundu, vema au mkasi. Mstaafu mmoja wa Arusha, aliyekuwa karani wa mahakama, alinionyesha daftari lake la namna hii. Ukurasa wa kulia ulikuwa mwekundu kama wa mwanafunzi aliyelala kipindi chote, na chini yake alikuwa ameandika jina la mleta habari mmoja na neno "Arudie darasa". Tangu hapo, jina lile likitokea kwenye simu anajua la kufanya. Angalia pia vile vishale viwili vinavyotokea juu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. WhatsApp yenyewe hukuzuia kuupeleka ujumbe wa namna hiyo kwa zaidi ya mtu mmoja au grupu moja kwa wakati. Wameweka breki kwa sababu wanajua unakotoka.

Nawe usiwe msambazaji. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinazungumzia kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sidhani kama kuna mtu atamfungulia mashtaka mzee aliyesambaza tangazo la uongo la pensheni kwa nia njema. Lakini kuna mjane mahali atatuma 85,000 kwa sababu ujumbe ulitoka kwako na wewe ni mwalimu.

Usiku. Sikuambii uache BBC wala DW. Idhaa ya Kiswahili ya London imeanza 1957 na ya Ujerumani 1963, kwa hiyo moja ilikutangulia duniani na nyingine umekua nayo. Nakuomba tu ubadilishe zamu: taarifa ya saa mbili iwe ya mwisho, simu ilale sebuleni, na hizo idhaa uzisikilize mapema zaidi, kabla ya saa hiyo. Habari ya Gaza au Ukraine haitachacha usiku mmoja. Kama usingizi unaendelea kukataa wiki kadhaa, au kama una dawa za presha na vipimo vinapanda, hilo halihusu redio tena. Nenda hospitali ya Mawenzi, kuna dirisha la wazee, usikae foleni na vijana.

Mama naye nisimpite. Aliposema simu imekuwa mke mwenza ametoa taarifa, ichukue kama taarifa. Katika semina huwa tunawaita na wenza, na malalamiko ya wake wa wastaafu yanafanana sana: baba amerudi nyumbani baada ya miaka thelathini na zaidi, lakini amerudi mwili tu, na kila ukimsemesha anasema "subiri, sikiliza hii". Wakati huohuo mama ana habari zake, na aghalabu ni zenye manufaa kuliko zako. Ana habari za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, za jumuiya, za nani anaumwa na nani ameuza kihamba, shamba la ukoo. Bei ya mchele Mbuyuni anaijua wiki mbili kabla Ofisi ya Taifa ya Takwimu haijaiingiza kwenye mfumuko wa bei. Muulize. Tena muulize saa mbili kasoro, kabla ya taarifa ya habari, na usimkatize.

Nimalizie na jambo ambalo nina shaka lilikupita ulipokuwa ukisikiliza ya asilimia 40. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka wa fedha 2023/24 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Mtu aliyetimiza miaka 60 anasamehewa kodi hiyo kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe, isiyo ya biashara. Lakini mita haijui umri wako, inaendelea kukata mpaka uombe. Kama Rau mnaishi kwenye nyumba yenu wenyewe na hamjapangisha vyumba, tazama risiti ya umeme wa mwezi huu uone kama kodi ya jengo imo. Ikiwemo, beba kitambulisho cha NIDA, namba ya mita, hati au karatasi yoyote inayoonyesha nyumba ni yako, na barua ya mtendaji wa mtaa, nenda ofisi ya manispaa au ya Mamlaka ya Mapato, TRA, mjini ukaulize utaratibu wa msamaha wa wazee. Nenda asubuhi. Na kama mita imesajiliwa kwa jina la mwanao aliye Dar, mpigie kwanza mlimalize hilo, kwa sababu ndilo litakalokurudisha kutoka dirishani.